Imefungwa Kabisa

"Kumbe mpo," mteja alisema, akaishusha mifuko yake sakafuni. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni kwa jasho. "Simu inasema mmefungwa. Nimefika kule mlikokuwa nikakuta uzio wa mabati."

Binti Funguo hakuinua uso. Ufunguo ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa, na tupa ilikuwa imefika jino la mwisho, lile ambalo ukilichonga zaidi kidogo tu, ufunguo mzima unageuka chuma cha kutupa. Alisugua taratibu, akapuliza vumbi la shaba, akaupitishia kidole. Ndipo akamtazama yule mtu.

"Simu ya nani inasema tumefungwa?"

"Hii hapa. Tazama mwenyewe."

Kwenye kioo kulikuwa na picha ya baba yake. Amesimama mbele ya duka la zamani, pale mlangoni mwa soko, kofia imemkaa upande, na nyuma yake funguo zinaning'inia ukuta mzima. Nani aliipiga picha ile, hakujua. Juu yake paliandikwa Mzee wa Funguo, na chini yake, kwa herufi nyekundu, Imefungwa kabisa.

Aliyasoma tena maneno yale mawili. Yeye kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua tangu akiwa msichana, lakini hakuwahi kuona mlango uliofungwa bila mtu kuugusa.

"Kama si mama mmoja pale kwenye uzio kunielekeza," mteja aliendelea, "ningewapigia wale wa juu."

"Wa juu wapi?"

"Juu kwenye simu, dada. Ukitafuta fundi wa funguo, wale wanaotokea wa kwanza."

Mteja alikuwa amevunjia ufunguo kitasani, na kipande kilichobaki mkononi alikuwa amekifunga kwenye karatasi kama jino la mtoto. Binti Funguo alichukua sanduku lake, akaenda naye, akakichokoa kipande kilichokwama, akaviunganisha viwili vile na kuchonga mpya. Mtu yule aliingia kwake akishukuru. Yeye alirudi dukani akiwa na maneno mekundu kichwani.

Tangu soko livunjwe ili pajengwe maegesho ya magari, mambo hayakuwa yamekaa sawa. Kule mlangoni mwa soko hawakuhitaji kutafutwa. Mtu alipita na kikapu, akakumbuka kufuli lake la stoo, akasimama. Sasa alikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye kijichumba ambacho mtu mrefu angeingia ameinama. Mbele yake palikuwa na studio ya picha za pasipoti, na kando mlango wa choo cha wapangaji. Waliopita pale walikuwa watu wenye haja zao, na si za funguo. Alikuwa ameuchukulia ukimya ule kuwa ni msimu mbaya, akajiambia utapita.

Jioni ile alimkuta baba yake kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio mapajani. Ukungu wa macho ulikuwa umemla kidogo kidogo mpaka akawa anaona umbo la mtu, si sura. Hiyo ndiyo sababu ya kuiacha kazi, japo mwenyewe alipenda kusema kazi ndiyo iliyomwacha.

"Baba, wamekuandika mtandaoni umefungwa kabisa."

Mzee alicheka. "Nani kanifunga? Mimi ndiye mwenye kufunga watu."

"Siyo mchezo. Mtu akitafuta duka letu anaambiwa halipo. Na namba iliyoandikwa pale ni yako."

"Ni yangu, ndiyo. Tangu zamani."

"Hupigiwa?"

"Napigiwa." Alizungusha kitufe cha redio ingawa ilikuwa imezimwa. "Mtu anauliza, mzee, bado unafanya kazi? Namwambia sifanyi tena, mwanangu, macho yamegoma. Ananipa pole, tunaagana."

Binti Funguo alisimama na sanduku bado begani.

"Wengi?"

"Mwanzoni walikuwa wengi. Siku hizi wamepungua."

"Na mimi hukuwaambia nipo?"

"Hawakukuulizia wewe. Waliniulizia mimi."

Aliingia jikoni. Aliosha masufuria yaliyokuwa safi, akayapanga, akayapangua. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni na aliyajua yote kuwa makali. Miaka aliyokesha na mashine ya kuchonga funguo, vidole alivyovikata, nyumba za watu alizoingia akiwa na sanduku la baba yake na kuulizwa fundi mwenyewe yuko wapi. Alipotoka, mzee alikuwa amekaa vilevile, uso umeelekea dirishani.

"Kuanzia kesho," alisema, "akipiga mtu, muulize amefungiwa ndani au nje. Kisha muulize yuko wapi. Kisha unanipigia mimi. Utaweza?"

"Ndani au nje," mzee alirudia.

"Ndiyo. Kwa sababu aliye nje anaweza kusubiri."

"Hilo ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito akawa anakipima uzito. Safari hii hakucheka.

Asubuhi, kabla hajawasha mashine, Binti Funguo aliandika kwenye simu yake: fundi wa funguo karibu nami. Yalitoka majina matatu yamekaa kwenye ramani ndogo, na lake halikuwemo. La kwanza lilikuwa Mabingwa wa Kufuli, nyota karibu tano, sifa tele. Akapiga.

"Mko wapi?" aliuliza.

"Tuko kila mahali, dada. Wewe uko wapi?"

"Nataka kuja dukani."

"Hakuna haja ya kuja. Sisi tunakufuata."

Alikata. Ramani ilionyesha duka lao mtaa wa pili, akatembea mpaka pale. Alikuta geti la kuoshea magari. Kijana wa mpira wa maji, bila kuulizwa, alimwambia, "Kama unatafuta mafundi wa kufuli, hapa hawapo. Watu wanakuja kila wiki kutuuliza. Mimi nimeshazoea."

Binti Funguo alilitazama geti lile. Maji ya sabuni yalitiririka mpaka viatuni mwake. Kwa hiyo wasio na duka walikuwa na duka, na yeye mwenye duka hakuwa nalo. Alirudi akitembea haraka.

Aliyemsaidia alikuwa jirani yake wa studio, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyezoea kuwaambia watu wanyooshe shingo na wasicheke. Wote jengoni walimwita Mama Picha.

"Ramani si ya serikali," Mama Picha alimwambia, akivuta kigoda. "Mtu yeyote anaongeza kitu, mtu yeyote anasema kimekufa. Wamepiga, mzee wako kasema hafanyi kazi, mmoja akaona bora awasaidie wenzake. Akabonyeza. Basi mmekufa."

"Kufufuka je?"

"Unadai ni lako. Wenye ramani watataka uthibitishe. Hawana ofisi utakayokwenda kugombana, kwa hiyo usijisumbue kukunja uso."

Walikaa bega kwa bega wakijaza. Jina la duka waliliacha vilevile, Mzee wa Funguo. Mahali, chini ya ngazi. Saa za kazi aliziandika kwa ukweli, kwa kuwa Mama Picha alimwonya kwamba atakayemkuta amefunga saa aliyoahidi kuwa wazi hatamsamehe. Aina ya kazi waliitafuta sana mpaka wakaipata, kwani mara ya kwanza simu iliwaweka kwenye kundi la wauza vifaa vya ujenzi. Kisha likaja jambo la video. Wenye ramani walitaka video isiyokatwa, inayoonyesha mtaa, kisha kibao cha duka, kisha vifaa vya kazi, kisha mwenye duka akifungua mlango kwa ufunguo wake.

Binti Funguo aliposikia hilo la mwisho alicheka mpaka akakaa chini.

"Una nini?" Mama Picha alishangaa.

"Wanataka nifungue mlango ndipo waamini ni wangu. Shoga, mimi nafungua mlango wa mtu yeyote kwenye mtaa huu."

"Usiwaambie hivyo."

Walipiga video. Ilikataliwa. Sababu haikuelezwa vizuri, lakini Mama Picha alijua. "Huna kibao. Wameona ngazi na mlango wa choo."

Msimamizi wa jengo, mtu wa funguo nyingi kiunoni na subira ndogo, hakutaka kusikia habari ya kibao. Ngazi si mahali pa matangazo, alisema, na akishamruhusu mmoja kesho mwenye saluni ataweka chake na keshokutwa ngazi zitakuwa ukuta wa magazeti. Binti Funguo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama mlango wa kutokea juu ya paa bado unafungwa kwa waya.

"Kitasa kilikufa," msimamizi alisema. "Wapangaji wananisema kila siku kwa ajili ya kamba za nguo."

"Nitakitengeneza leo. Kibao changu hakitazidi upana wa mlango wangu."

Msimamizi alimtazama, akatazama juu, akajikuna shingo. "Kisitokeze nje ya ukuta."

Mchora vibao alikuja na rangi mbili, nyeusi na njano. Akapendekeza achore na ufunguo wenye mabawa. Binti Funguo alikataa mabawa. Video ya pili waliipiga jua likiwa limeingia mpaka chini ya ngazi: kituo cha mafuta, kona, jengo, kibao kibichi kinachong'aa, mashine, jiliwa, ukuta wa funguo zisizochongwa. Mwisho ukaja mkono wake, una kovu jeupe kwenye kidole gumba, ukiingiza ufunguo na kuugeuza.

Ilipita wiki bila neno. Kisha asubuhi moja Mama Picha alipiga kelele kutoka studio, mteja wake akiwa ameketi ameinua kidevu. "Jirani, umefufuka."

Lakini kufufuka si kuonekana. Alipotafuta, jina lake lilikuwepo, ila mbali chini, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki. Na mtu aliyefungiwa nje huwa na haraka. Mama Picha alimwambia kinachobaki ni picha nzuri na watu kumsemea. Picha walipiga. Kumsemea ndiko kulikokuwa kazi.

Kuomba sifa kulimtia aibu kama kuomba chumvi kwa jirani usiyesalimiana naye. Mara ya kwanza alimfungulia mwalimu mmoja mlango wa stoo ya shule, akasimama na sanduku mkononi asijue aanzie wapi. "Kama hutajali," alisema hatimaye, "niandikie kwenye simu kilichotokea. Chochote, mradi ni kweli." Mwalimu aliandika palepale, na akasahihisha nukta. Mwenye duka la viatu aliahidi akasahau. Bwana mmoja aliyefungiwa nje na mkewe, akiwa na kandambili moja tu mguuni, alimwangalia kwa mshangao.

"Niandike nini, fundi? Kwamba nimelala kwenye ngazi?"

"Andika nilifika haraka."

"Na majirani wajue nilikuwa wapi? Hapana, dada yangu. Sifa zako nitakupa kwa mdomo."

Wengine waliandika, mmoja leo, mmoja wiki ijayo. Bibi wa ghorofa ya pili aliandika kwa kusaidiwa na mjukuu: Kijana huyu wa kike ana heshima, alipangusa vumbi alilomwaga. Binti Funguo, aliyekuwa ameshavuka miaka arobaini, aliisoma hiyo mara nyingi.

Nyumbani mzee alikuwa akipokea simu. Alijiwekea simu kifuani kwa kamba ili asiitafute. "Ndani au nje?" alimuuliza kila aliyepiga, hata shemeji yake aliyempigia kumjulia hali. Aliyekuwa ndani alimtuliza: asivute kitasa kwa nguvu, akae, anywe maji kama yapo, fundi yuko njiani. Safari moja alikaa na mama mmoja simuni mpaka binti yake alipofika, wakizungumzia magonjwa ya kuku. Yule mama ndiye aliyeandika maneno marefu kuliko wote, na karibu yote yalimhusu mzee.

Jina lao lilianza kupanda. Siku moja lilikuwa la tano. Wiki iliyofuata la tatu, kwenye ile ramani ndogo ya juu, na simu zikaanza kuja hata kutoka mitaa ambayo baba yake hakuwahi kuifikia. Ndipo akaja muuza nyota.

Alikuwa mtu msafi, mwenye kompyuta nyembamba kwapani, aliyejiita mshauri. Aliuliza kwanza kwa nini duka lina jina fupi hivyo. "Mimi ningekuandika Mzee wa Funguo Fundi Bora wa Vitasa Bei Poa Usiku na Mchana. Na nyota nakupa kwa mkupuo. Watu wangu wanaandika vizuri, huwezi kujua."

"Wameshafungiwa nje hao watu wako?"

"Hawahitaji kufungiwa, dada."

"Basi wasiniandike," alisema, akawasha mashine, na mlio wake ukamaliza mazungumzo.

Tatizo lilikuja mchana mmoja wa kawaida. Mzee alipokea simu: mwanamume, yuko nje, amepoteza funguo, nyumba iko ghorofa ya nne kwenye majengo mapya. Binti Funguo alipanda na sanduku. Alimkuta mtu wa makamo, viatu vinang'aa, anatembea mbele ya mlango huku na huku.

"Hatimaye. Fungua, nina haraka."

"Nitafungua. Naomba tu kitu kinachoonyesha unakaa hapa. Hata bili ya umeme."

"Bili ziko ndani."

"Basi jirani mmoja atakayekutambua."

"Mimi nimekuita ufungue mlango au unipeleleze?"

Binti Funguo aliangalia mlango. Kitasa kilikuwa kipya, mikwaruzo ya bisibisi haijapata kutu. Chini, kwenye zulia dogo, palikuwa na ndala za mwanamke na za mtoto. Hapakuwa na kiatu cha mwanamume. Mlango wa jirani ukafunguka kidogo. Mwanamke alitokeza nusu ya uso, akamtazama yule bwana, kisha akamtazama yeye, akatikisa kichwa mara moja. Mlango ukafungwa.

Binti Funguo alifunga vibanio vya sanduku lake.

"Unakwenda wapi?"

"Mwenye nyumba akiwepo, nitarudi."

"Mwenye nyumba ni mimi." Alikuwa amemsogelea kiasi cha kuhisi pumzi yake. "Unajua naweza kukuandika nini wewe?"

Alizishuka ghorofa zote bila kugeuka nyuma, na chini akasimama karibu na duka la mboga lenye watu, akijifanya anachagua nyanya, mpaka alipomwona yule bwana akiondoka na gari.

Aliandika, kweli. Nyota moja. Fundi feki. Alikuja akakataa kufanya kazi, akanitukana, akaondoka. Msimpigie. Nyota chache walizokuwa nazo zilishindwa kubeba maneno yale. Jina liliteremka kama ndoo iliyokatika kamba. Simu ya mzee ikanyamaza kifuani pake, akawa anaigusa mara kwa mara kuona kama haijazimika.

Mama Picha aliwaandikia wenye ramani kuomba maneno yale yaondolewe. Walijibu kwamba hayavunji kanuni yoyote. Muuza nyota alipita tena, akaegemea kibao kipya. "Ningekuwa nimeshakufunikia hilo," alisema kwa upole. "Kazi ya siku moja. Bado hujachelewa."

Safari hii hakuwasha mashine. Pango la chumba lilikuwa linakaribia, funguo zisizochongwa zilikuwa zinakwisha ukutani, na Mabingwa wa Kufuli walikuwa juu kabisa, wamekaa juu ya lile geti la kuoshea magari na nyota zao.

"Nimekusikia," alimwambia. "Hapana."

Mshauri alipoondoka, Binti Funguo aliandika jibu chini ya ile nyota moja. La kwanza lilikuwa la hasira, akalifuta. La pili lilimwomba radhi yule bwana, akalifuta kwa hasira zaidi. Mwishowe aliandika kama anavyozungumza na mtu aliye mbele ya meza yake:

Ni kweli nilikuja na sikufungua. Sikukutukana. Sifungui nyumba mpaka anayekaa humo ajulikane, hata aniite nani. Ukija na uthibitisho nitakufungulia na sitadai chochote. Na siku mtu mwingine atakaponiita nifungue mlango wako wewe, nitamuuliza hayohayo.

Mama Picha alisoma, akaguna. "Refu kidogo."

"Liache hivyohivyo."

Akarudi kwenye kazi ndogondogo. Alipiga picha za vitasa alivyovitengeneza, kabla na baada, akaziweka. Kila aliyemfungulia alimwomba amwandikie ukweli, na sasa aliomba bila kuangalia chini. Mwenye duka la viatu alikumbuka ahadi yake. Siku moja Mabingwa wa Kufuli walipotea kwenye ramani, na kabla hajafurahi wakarudi kwa jina jingine, wamehamia juu ya zahanati ya mifugo. Hakupoteza muda nao. Duka lake lilikuwa la sita, likawa la nne, likakaa hapo kwa ukaidi.

Asubuhi moja yenye mawingu baba yake alimpigia. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kuna mama. Nimemuuliza ndani au nje, akasema si ndani wala si nje. Nikamuuliza basi amefungiwa wapi, akasema hajafungiwa. Anataka kuzungumza na wewe. Amesema wewe, si mimi."

Alimpigia. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu anayezungumza karibu sana na simu.

"Wewe ndiye fundi aliyekataa kufungua?"

Binti Funguo alishusha tupa. "Ndiyo, mama. Mimi."

"Nimewasoma mafundi wote. Wote wanasema wanafungua haraka, haraka, mlango wowote. Huyo bwana aliyekuandika simjui. Lakini niliposoma vile ulivyomjibu nikasema huyu ndiye. Nataka kubadilisha vitasa. Leo, kama unaweza, kabla watoto hawajarudi kutoka shule."

"Unakaa wapi?"

Ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Binti Funguo alibandika karatasi mlangoni, akamwachia Mama Picha ufunguo, akaenda.

Mwanamke alimfungulia akiwa na bili ya umeme na kitambulisho mkononi, tayari, hata kabla ya salamu. Binti Funguo alivisoma vyote viwili kwa makini, jina kwa jina, kwani aliona mwenzake anasubiri avisome. "Sawa," alisema, akavirudisha. Ndipo yule mwanamke akatabasamu kidogo na kumkaribisha.

Hakumuuliza kitu. Alitandaza kitambaa chini, akafungua skrubu, akaitoa silinda ya zamani, pale ufunguo unapoingia, na kuiweka kwenye kitambaa. Mlango ulibaki na tundu la duara, na upepo wa ngazini ukapita ndani. Mwanamke alisimama karibu na tundu lile muda wote kama anayelilinda. Kitasa kipya kilipoingia, Binti Funguo alikaza, akajaribu, akalegeza robo mzunguko, akajaribu tena mpaka ulimi wa kitasa ukateleza bila kukwaruza. Alifanya hivyohivyo kwenye mlango wa nyuma. Kisha akampa funguo zikiwa ndani ya pakiti ya kiwandani, haijachanwa.

"Chana mwenyewe," alisema. "Mimi sijabaki na nakala. Ukitaka nyingine, utakuja wewe, na nitakuuliza kitambulisho tena."

"Hata ukinijua?"

"Hata nikikujua."

Mwanamke alichana pakiti kwa meno. Alichagua ufunguo mmoja, akaushika kwenye kiganja kilichofumbwa, akauliza kuhusu malipo na akalipa. Mlangoni alisema, "Nitakuandikia."

"Usiandike leo," Binti Funguo alimwambia. "Kaa kwanza. Utaandika ukipenda."

Mlango ulifungwa nyuma yake. Alitupa mkanda wa sanduku begani, akaanza kushuka. Alipofika kwenye kona ya ngazi alisikia kitasa kikigeuzwa, kikafungwa. Kikafunguliwa. Kikafungwa tena, polepole safari hii, na baada yake hatua za miguu mitupu zikielekea mlango wa nyuma. Alisimama pale, mkono kwenye ukuta wa baridi, akisubiri kusikia na wa nyuma ukifungwa.